Nyumba Iliyojila

14 Januari

Shule imefunguliwa na paa la maabara linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Mwalimu Fidelis wa kemia ameniletea chupa ya mashapo ya uraka, lile tope linalobaki chini ya chungu watu wakishakunywa maji ya mabibo yaliyochacha. Badala ya kunipa maabara, kanikabidhi katikati ya ofisi, walimu wote wanatazama. "Mwalimu Amna, mzigo wako huo. Imamu akikuuliza, mimi simo." Walicheka hao! Nikamwambia nataka hamira iliyomo, ulevi nimemwachia yeye anayejua njia ya kuufuata. Wakacheka zaidi.

Kidato cha Tatu wataangalia hamira inavyoishi na njaa. Tumezisafisha seli na kuzigawa chupa tatu. Ya kwanza maji matupu. Ya pili maji na sukari. Ya tatu supu ya mabibo makavu, yenye kila kitu.

18 Januari

Jumamosi. Nimekwenda Mkotokuyana kwa mdogo wangu Yasmini na nimerudi na hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mdomo wa juu umepasuka. Jicho la kushoto limefumba. Nikamuuliza ni nini, akasema mlango. Yasmini, mwanamke mzima, ananiambia mimi habari za mlango! Mumewe Swalehe alikuwepo, kakaa kwenye kigoda, kanisalimia kwa adabu zote. "Karibu shemeji. Tumefurahi umetukumbuka." Alikitazama kiroba changu kabla hajanitazama mimi.

Niliwabebea unga, maharage, mafuta na sukari, maana nyumba ile haina kitu. Mwaka jana tembo waliingia shambani wakakanyaga mahindi yote, na korosho Swalehe alizimalizia kwenye uraka. Imebaki mihogo michache nyuma ya nyumba, na mahindi mapya yako magotini.

Nilimvuta Yasmini pembeni nikamwambia, "Chukua nguo zako, twende mjini, ukae kwangu. Leo hii."

"Nikitoka mimi, shamba linabaki na nani?"

Hapo ndipo aliponikwamisha. Kwetu sisi Wamwera mume ndiye anayehamia kwa mke. Shamba lile ni la marehemu mama, nyumba ni ya Yasmini, Swalehe ni mgeni kutoka Nambilanje. Lakini mke akiondoka mwenyewe kwa miguu yake, watu watasema amelitupa, na mume atabaki analima kwa ruhusa ya mjomba. Mwenye kauli ya kumwondoa ni mjomba Imrani peke yake, na mjomba hamwondoi, kwa sababu kila mwaka Swalehe anampalilia mikorosho yake.

"Shamba litakuua," nikamwambia.

"Shamba halinipigi, dada."

21 Januari

Ajabu. Tumezitia seli rangi ya bluu ya kupimia uhai. Seli iliyo hai huitema, iliyokufa huinywa. Chupa ya kwanza, yenye njaa tupu, seli karibu zote ni safi, hai. Chupa ya pili, tuliyoitia sukari, zimekuwa bluu. Zimekufa! Ya tatu, yenye kila kitu, ziko hai. Fidelis anasema nimekosea. Labda chupa ilikuwa na sabuni. Nitarudia.

25 Januari

Mkotokuyana tena, na kiroba kingine.

Jiko la nje halipo. Nguzo, paa, vyote. Nikauliza, Yasmini akasema amevikatakata kuwa kuni. Kuni, Mkotokuyana, penye msitu mpaka nyuma ya choo! Jino lake la mbele pia halipo. Swalehe amempiga kwa ajili ya lile jiko, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana sababu ya kumshangaa mkewe, ingawa sababu ya kumpiga sikuiona na sitaiona.

Nikamfuata Swalehe palepale alipokaa nikampiga kofi. Mimi mwenyewe nilishtuka. Akasimama taratibu, akanishika shingo kwa mkono mmoja, akanisukuma mpaka mgongo ukagonga ukuta na udongo ukanimwagikia kichwani.

"Shemeji, nakuheshimu kwa sababu unatuletea chakula."

Kisha akaniachia akarudi kukaa. Yasmini hakunyanyua hata mkono. Alikuwa anachambua maharage niliyoyaleta. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: kwa dakika ile nilimchukia mdogo wangu kuliko nilivyomchukia yule mnyama.

29 Januari

Mvua kutwa. Shingo inauma. Nimefundisha nimevaa mtandio umekazwa.

1 Februari

Sasa ghala limekwenda. Mlango wa nyuma umekwenda. Kitanda kimekatwa miguu. Nimemkuta Yasmini kakaa chini, mkono wa kulia umevimba mpaka kwenye kiwiko, anatwanga kwa mkono wa kushoto. Amekonda, mifupa ya mabega inahesabika. Nasema naye, ananitazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Nimemuuliza kama kichwa chake ni kizima. Akasema, "Kizima."

Nikaenda kwa mjomba Imrani nikamkuta barazani na radio yake.

"Mjomba, mwondoe yule mtu."

"Ndoa ni uvumilivu, mwipwa. Subira huvuta heri."

"Anamvunja viungo!"

"Na yeye mkewe anavunja nyumba. Umeliona ghala? Mwanamke gani anachoma ghala lake? Mume lazima amrudi."

Nikaichukua ile radio nikaipiga chini. Ilipasuka, betri zikabingirika mpaka uani. Mjomba akanyanyua bakora na akanipiga nayo begani mara mbili, mimi mwalimu, mtu wa miaka thelathini na minane, na wake zake wakatoka kutazama. Nikamwambia, "Nipige, mjomba. Naona nguvu unazo, ila hujui pa kuzipeleka." Nikaondoka.

Ukweli ni kwamba kuhusu nyumba hata mimi namwelewa mjomba. Yasmini anarukwa na akili.

5 Februari

Leo kipindi kizuri na kibaya kwa pamoja. Nimewaambia Kidato cha Tatu bila kupaka asali. Seli ya hamira ikikosa chakula haikai ikalia. Inageukia vyombo vyake yenyewe. Inakizungushia utando chombo kimojawapo, kile kilichokuwa kinaitumikia jana, inakifunga kama kifurushi, inakiburuta na kukitumbukiza ndani ya vakuoli, kile kifuko kikubwa chenye maji makali, na humo kinameng'enywa mpaka kisijulikane. Mitambo ya kutengenezea protini inaliwa kwa maelfu. Mitambo ya nguvu inapunguzwa. Hata kiini, penye urithi wake wote, kinamegwa pembeni. Kinachopatikana ndicho kinachoiweka hai. Ni machinjio mle ndani, na mchinjaji na mchinjwa ni mmoja.

Wameona kwa macho yao. Kwenye seli za chupa ya kwanza vakuoli imevimba mpaka imejaza karibu chumba chote, na vidoa vilivyokuwa vikichezacheza kwenye ute vimetulia. Ute wenyewe umekuwa mzito, umeganda. Ukitazama haraka utasema imekufa. Tia rangi, inaitema.

Lusiana, yule msichana mrefu wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Madam, sasa inajuaje pa kuacha? Isije ikala na kile kitu cha mwisho?"

Nikamwambia hilo sijui. Nimetembea nalo mpaka nyumbani.

8 Februari

Nimefika Mkotokuyana saa nne asubuhi. Kabla sijashuka kwenye bodaboda nikasikia mlio mzito. Nilidhani ni kinu. Alikuwa Swalehe anampiga Yasmini kwa mchi wa kinu, mgongoni, yeye amejikunja ardhini ameficha kichwa. Mchi! Nikapiga kelele, dereva wa bodaboda akapiga honi bila kuachia, majirani wakatoka, Swalehe akautupa mchi na kuja kunipokea kiroba. Kunipokea kiroba, wallahi. Akakifungua palepale, akatoa sukari, akamimina kiganjani, akalamba.

"Shemeji, bila wewe tungekufa," akasema. Amenenepa. Ndiyo kwanza naona. Shavu linang'aa, shingo imejaa.

Nikambeba Yasmini mpaka kwa jirani yake, Bi Kulthumu. Tukamlaza kifudifudi. Mgongo ule siuelezi. Nikaanza yale yale yangu, twende mjini, twende polisi, twende hospitali, nitakuletea na mchele wiki ijayo. Akageuza shingo akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Januari aliongea sentensi zaidi ya moja.

"Dada, unajua ni nani anayekula vile vyakula?"

Nikainama karibu na uso wake.

"Tembo walipotumalizia mahindi nikasema, alhamdulillahi, sasa ataondoka. Yule hawezi njaa. Aliniambia mwenyewe, nitarudi kwetu Nambilanje mpaka mavuno. Alishafunga mzigo. Ndipo ukaja wewe na kiroba. Akaufungua mzigo. Kila Jumamosi akitaka kuondoka, unakuja. Mimi nakula mihogo, nakula mboga za porini, nimezoea. Yeye anakula unga wako, akishiba anapata nguvu za kunipiga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia mbele yake? Huwa unakuja unapiga kelele, unapiga makofi, unaondoka. Hujawahi kukaa nikakwambia."

Bi Kulthumu akatazama kando.

"Na nyumba?" nikauliza. "Kwa nini unaivunja?"

"Kwa sababu shamba hawezi kulibeba wala hawezi kulilalia. Anayoipenda ni nyumba. Nyumba ikiisha, mgeni analala wapi?"

Nikamwambia atakufa kabla nyumba haijaisha. Akasema inawezekana.

9 Februari

Jumapili, nimefungua maabara peke yangu. Ile chupa ya pili niliyoirudia, nimeiosha kwa maji ya moto, hakuna sabuni, hakuna uchafu. Maji safi na sukari nzuri. Bluu. Zote zimekufa tena.

Sasa nimeelewa. Seli yenye njaa iliyokwisha kujipanga inastahimili. Ukiitilia sukari peke yake, bila vingine vyote vinavyohitajika, unaidanganya kuwa njaa imekwisha. Inaacha kujipanga, inawasha moto wote, na haina cha kujengea. Inajiua yenyewe kwa shangwe. Mimi na kiroba changu, Jumamosi baada ya Jumamosi!

Nimelia maabara kama mtoto, kisha nikampigia Fidelis nikamwambia sikukosea.

15 Februari

Sikwenda. Nimefua nguo safi.

17 Februari

Bi Kulthumu amepiga simu. Yasmini alisharudi kwake. Swalehe amekuja kuulizia kama shemeji anaumwa. Alipoambiwa haijulikani, alimvuta Yasmini nywele uani mbele ya watu, akimuuliza amemwambia nini dada yake. Nilikuwa na unga mkononi wakati naongea. Niliuweka chini. Nikaunyanyua tena. Nikauweka. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu.

19 Februari

Bi Kulthumu: Yasmini ameanza kushusha nyasi za paa.

22 Februari

Naandika kwa shida, pua imevunjika na donge la pamba limo ndani.

Bi Kulthumu alipiga simu saa tatu. "Njoo, leo kuna mtu atakufa." Nilipofika watu walishajaa lakini wamesimama mbali, mvua inawanyeshea. Yasmini alikuwa juu ya nyumba, miguu imekanyaga fito, anang'oa nyasi anazirusha chini nyuma ya ukuta, zimelundikana lundo kubwa. Nusu ya paa ilishakuwa mbingu. Swalehe alikuwa chini na panga. Alikuwa ametoka kunywa nipa, ile gongo ya mabibo, akakuta mvua inanyesha kitandani kwake.

"Shuka!"

"Sishuki."

"Nakwambia shuka, nitakuua!"

"Panda uniue. Hapa pana nafasi."

Mdogo wangu huyo, ambaye kwa wiki tano nilimwona kama gogo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeagiza maji.

Swalehe akaruka akapiga panga juu. Lilimpata Yasmini mguuni, juu ya kisigino, na damu ikateremka ukutani pamoja na mvua. Nikamrukia kwa nyuma, nikamng'ang'ania shati na nywele. Alinipiga kiwiko cha uso, nikasikia pua inavunjika ndani ya kichwa changu, nikaanguka matopeni. Hakunigeukia. Akaingia ndani kupitia pale palipokuwa na mlango.

Tukamsikia anapiga nguzo ya kati. Alitaka kumwangusha. Panga moja, mbili, anatukana, tatu. Yasmini akaacha kung'oa. Alisimama wima juu ya ukuta, ananing'iniza ule mguu unaotoka damu, akawa anasikiliza. Kisha akajirusha kwenye lile lundo la nyasi.

Nyumba ikakaa chini. Siwezi kuisema vingine. Haikupinda, ilikaa. Nguzo za pembeni zilishakwisha kuni, ile ya kati ndiyo pekee iliyobaki, na aliyeikata ni yeye. Boriti ziliteremka zote kwa pamoja, kuta zikafuata, na baada ya mlio ule kukawa kimya, kisha Swalehe akaanza kupiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima.

Wanawake waliingia na michi. Sio kumtoa. Bi Kulthumu, mtu wa tasbihi, alikuwa wa kwanza, mchi umenyanyuliwa juu ya kichwa, anasema, "Leo! Leo!" Mwingine alishamshukia kwenye bega, nikasikia. Na mimi, Amna, mwalimu wa biolojia, niliokota kipande cha fito nikaenda mbio kuungana nao, damu inanijaa mdomoni, na nilikuwa na furaha.

Yasmini akaja anatambaa. "Msimpige! Acheni! Mkimuulia hapa, shamba langu litaitwa kaburi la Swalehe mpaka kiama. Mtoeni."

Basi tukamtoa. Paja la kushoto limevunjika, mfupa umetoka nje. Akawa anamwita Yasmini mama.

Njiani, ndani ya gari lililotubeba wote watatu kwenda Nachingwea, nilimuuliza mdogo wangu sikioni, "Ulijua itaanguka?"

"Nguzo nilizijua," akasema. "Panga alilishika yeye."

24 Februari

Yasmini ameshonwa mguu. Daktari anasema mshipa mkubwa wa kisigino umesalimika, atatembea. Amekula uji kijiko kimoja kimoja na amekataa nilipotaka kumwongezea. Swalehe yuko wodi ya wanaume, polisi wamechukua panga na wanasubiri apate nafuu. Pua yangu wameirudisha mahali pake. Fidelis amekuja na machungwa, ameshindwa hata kufanya utani.

1 Machi

Kesho tunatarajia kuanza mfungo, leo tumevunja jungu.

Yasmini hakutaka tule mjini. Alitaka shambani, na mimi siku hizi namsikiliza. Nilimkodia bajaji mpaka Mkotokuyana. Pale palipokuwa na nyumba ni mlima wa udongo ulioloana. Pembeni, chini ya mkorosho, kumbe kabla nyumba haijaanguka alishajisimamishia kibanda cha nyasi kisichozidi kitanda kimoja, na humo ndani kuna jembe, chungu, na mihogo aliyokuwa akiificha siku zote hizo. Mahindi ya mwanzo yameshika. Tukavunja machache, Bi Kulthumu akaja na moto, tukachemsha.

Mjomba Imrani akaja anatembea polepole, mkononi ana hotpoti la bluu. Hakuulizia mguu wa Yasmini wala pua yangu.

"Natoka hospitalini," akasema. "Kule mgonjwa analetewa chakula na watu wake. Kwao Nambilanje hawajafika, barabara imekatika. Tangu jana anakula mabaki ya kitanda cha jirani. Yasmini, yule bado ni mumeo. Ana njaa."

Akaliweka hotpoti mbele ya chungu, akalifungua kifuniko kabisa.

Yasmini alikuwa anamenya hindi. Akaendelea kumenya. "Mjomba, mgeni wa nani yule?"

"Wako."

"Mimi sina nyumba. Mtu asiye na nyumba hana mgeni. Uliyemleta ni wewe, na uliyemweka ni wewe. Mikorosho aliyoilima ni yako. Kalijaze kwako."

"Na akitoka hospitali? Akirudi hapa?"

"Arudi wapi?" Yasmini akamwonesha ule udongo kwa ncha ya kidevu. "Patazame, mjomba. Nioneshe mlango."

Mjomba alitazama. Mvua ndogo ikaanza, na hakuna aliyemkaribisha chini ya mkorosho. Kisha akanigeukia mimi. Sauti aliilegeza.

"Amna, mwanangu. Wewe ndiye mwenye huruma. Kila wiki ulikuwa unawaletea."

Chungu kilikuwa mbele yangu, kimejaa, na upawa ulikuwa mkononi mwangu. Mkono ulishaanza kwenda. Naapa ulikwenda wenyewe, na nilimfikiria yule mtu kitandani na paja lake, anasikilizia harufu ya chakula cha jirani. Yasmini aliendelea kumenya hindi lake.

Nikauchovya upawa, nikamtilia Bi Kulthumu kwenye sahani, nikamtilia Yasmini, nikajitilia mimi. Kisha nikalifunika hotpoti likiwa tupu na kumrudishia mjomba kwa mikono miwili, kama anavyostahili mkubwa.

Tukamwona anapita kwenye nyumba za watu nalo, mchana kweupe, kila mtu yuko nje anavunja jungu. Yasmini akasema chumvi imezidi. Nikamwambia ajipikie mwenyewe.